Gauni Lililoungua kwa Maneno

Walimwita Bi Sindano kwa sababu mbili: alikuwa fundi cherehani, na ulimi wake ulichoma. Wateja walimvumilia, maana mshono wake hauachii.

Mdogo wake aliolewa mtaa wa juu, kwa wale watu waliochinjwa wote kwa siku tatu, wakubwa kwa vichanga, kosa lao kuzaliwa kabila lao. Mwenyekiti wa mtaa ndiye aliyewasomea wauaji orodha ya nyumba. Mdogo mtu hakuonekana tena, wala kaburi lake.

Wiki mbili hazijapita, mke wa mwenyekiti akaingia dukani, na gauni la bluu mkononi.

"Fundi, nipunguzie kiunoni. Nimelipata tu."

Fundi akageuza pindo. Uzi mwekundu, mkono wake mwenyewe: gauni alilomshonea mdogo wake siku ya kuposwa. Ubavuni doa la kahawia limegoma kutoka. Akampima kiuno. Siku zile ukisema, unawafuata.

Keshoye akamwambia, "Unisamehe mama, pasi imeniponyoka. Limeungua lote."

Alitukanwa mpaka wapita njia wakasimama. Akatukanika. Gauni liko chini ya godoro.

Ikapita miaka thelathini. Mwenyekiti kastaafu, mvi zimemtakasa, watu wanamsalimia kwa mikono miwili. Akachoresha kibao kitundikwe ukumbi wa shule: *Wakazi wa mtaa wa juu walihama kwa hiari yao.* Watoto wasome hayo kila asubuhi. Kuua hakukumtosha mzee wa watu. Alitaka na marehemu wamsaidie kudanganya.

Siku ya kukizindua Bi Sindano akaenda na mfuko wake. Hotuba ilipoisha, akasimama.

"Mzee, hao waliohama, walibeba vitu vyao?"

"Kila kitu, mama. Hata vijiko."

Ukumbi ukacheka. Bi Sindano akasogea mbele, akalitandaza gauni mezani, mbele ya mke wa mwenyekiti.

"Na hili, mama, unalijua?"

Mama wa watu akalishika pindo. Mdomo ukamtangulia akili.

"Si ulisema liliungua?"

Hakuna aliyecheka tena. Mwenyekiti alimtazama mkewe kama mtu aliyekalia kiti kilichovunjika.

"Nilidanganya," alisema Bi Sindano. "Uongo wangu wa gauni moja tu. Sasa waeleze hawa ulilipata wapi."

Kibao hakikutundikwa. Mwalimu mkuu mwenyewe alikigeuza uso ukutani. Jioni mke wa mwenyekiti akaja dukani, peke yake, shuka usoni.

"Dada, nisamehe."

"Kamwombe uliyemvua. Mimi fundi tu."

Sasa gauni linaning'inia dirishani, na kikaratasi kama nguo zote ambazo hazijachukuliwa: *Mwenyewe hakuhama.* Dirisha linatazama njia ya sokoni, kwa hiyo mke wa mwenyekiti anazungukia nyuma ya gereji, na magoti yake ya uzee.

"Acha azunguke," anasema Bi Sindano, akikata uzi kwa meno. "Njia ni ndefu, na mimi sina haraka ya kufa."