Siku ya Kahawa Niliyoiandika Mara Mbili

Mama yangu alimwita mtu mwongo mbele ya watu kwa sababu yangu, na mpaka leo sijajisamehe.

Nilikuwa nimekitengenezea chama cha wakulima cha kijijini kwetu mfumo mdogo wa mtandaoni, kwa lugha ya kompyuta iitwayo Ruby. Ulikuwa na sehemu mbili tu: ukurasa aliotazama karani wa chama, na meseji zilizokwenda kwenye simu za wakulima kuwaambia siku ya kupeleka kahawa ghalani Kihanga. Siku hiyo ilipaswa kukaa kwenye faili moja la mipangilio, kila sehemu ije kuisoma humo. Mimi niliiandika mara mbili, huku kwenye ukurasa na kule kwenye meseji. Mwenzangu tuliyepanga naye chumba cha kazi pale Rubwera aliniambia niiweke mahali pamoja. Nikamjibu kwa maringo kwamba kitu chenyewe kidogo hivi, nitakumbuka. Nitakumbuka! Mimi ambaye hata chaja ya simu naisahau kila ninapokwenda.

Safari ya lori la kahawa ikasogezwa kutoka Jumanne hadi Alhamisi. Nikabadilisha kwenye ukurasa, nikauona umeandika Alhamisi, nikafunga kompyuta nimeridhika. Meseji zikaondoka zikisema Jumanne.

Jumanne watu walifika na magunia yao, wakakuta ghala limefungwa. Mtunza ghala akatoka nyumbani kwake kuwaeleza. Wengine walinung'unika, wakaita tena bodaboda, wakarudi makwao. Mama akakataa. Alikuwa na magunia mawili ya kahawa ya maganda, mavuno yake yote, aliyoyaanika mwenyewe na kuyaingiza ndani kila wingu lilipotanda.

"Waitu mama, ni Alhamisi," mtunza ghala alimbembeleza kwa neno la heshima la kwetu.

Mama akamwonyesha simu. "Meseji hii kaandika mwanangu. Wewe ni mwongo. Unataka turudi ili ipokewe kahawa ya ndugu zako."

Akakaa juu ya magunia yake kungoja lori. Mvua ilimkuta hapo hapo, ikayalowesha magunia. Alhamisi mpokeaji wa kahawa akaingiza mkono guniani, akanusa, akayasukuma yote mawili pembeni. Kahawa ilikuwa imeshika ukungu.

Nilipofika nyumbani Jumamosi alikuwa bado anamlaani mtunza ghala. Kosa nilikuwa nimeshaligundua na kulirekebisha: faili moja, mistari michache, kazi ambayo ingekwisha kabla ndizi hazijaiva jikoni. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Na bado, mwoga mkubwa mimi, nilimwacha amlaani yule bwana mpaka chai ikaisha. Ndipo nikamwambia.

Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Kwa hiyo yule bwana alikuwa anasema kweli?"

"Ndiyo, mama."

Akachukua kitenge, akajifunga, akasema anakwenda kumwomba radhi. Nikainuka nimfuate. Akanizuia mlangoni kwa mkono.

"Wewe kaa. Aliyemtukana ni mimi. Na namba yangu iondoe kwenye hizo meseji zako. Siku ya kahawa nitakuwa namuuliza yeye."