Benchi la Sufi

Enzi zetu, mtaa ukiwa na gari moja, gari hilo lilikuwa la mtaa mzima. Ninyi wa rika langu mliokulia Ifakara mnanielewa. Vijana wa leo, ambao mtu akipanda gari anaziba masikio yake na kukiweka kibegi kwenye kiti cha pembeni kana kwamba kibegi nacho kimelipa nauli, watuvumilie tu. Sisi tulikuwa na landrova. Nasema sisi, lakini kadi ilikuwa na jina la baba yangu, Mzee Dionis, aliyekuwa akibeba mpunga kutoka Mbingu na Mlimba kuuleta mjini. Wanasema ilikuwa ya kijani. Mimi nilipopata akili niliikuta ina rangi ya matope, na kila masika ilipakwa upya.

Ninachokikumbuka zaidi ni kiti chake cha mbele. Viti vilivyokuja na gari vilichakaa kabla sijazaliwa, baba akaving'oa na kumpelekea seremala ubao mmoja wa mninga, mrefu kutoka mlango hadi mlango. Mama akashona mto wa turubai wa kuulalia ubao huo, akaujaza sufi. Kila kiangazi mto ulifunguliwa, sufi ikaanikwa juani, na sisi watoto tukatumwa nyuma ya kanisa kuokota sufi mpya iliyodondoka na kuichambua mbegu. Niliichukia kazi ile kuliko kulinda ndege shambani. Sufi iliingia puani, iliingia kwenye uji, na ukipiga chafya juu ya ungo umeharibu kazi ya asubuhi nzima. Mama hakuwa mtu wa kuonya mara mbili.

Mto wenyewe ulivuja. Aliyeukalia aliinuka na manyoya meupe nyuma, awe mwalimu, awe mgonjwa, awe bwana harusi. Jumapili watu wakipiga magoti kanisani ulijua mara moja nani amekuja kwa miguu na nani hakuja kwa miguu. "Wale wamepanda gari la Mzee Dionis," watu walinong'onezana. Nadhani wengine walichelewa kujipangusa kwa makusudi.

Kwenye ubao ule alikaa baba kwenye usukani, mama katikati, na dirishani shangazi Magreta, dada yake baba, kwa sababu gari lilimchefua. Mimi nilipakatwa na yeyote aliyekuwa na mapaja. Hao ndio walioanza safari. Njiani waliongezeka: mama mjamzito anayewahishwa hospitali, mzee na tita lake la kitoga, samaki wakavu wanaonuka hadi machozi, mtoto wa jirani aliyefukuzwa shule kwa kukosa sare. Mama hakuuliza kama nafasi ipo. Alimgeukia aliyekaa na kusema, "Sogea, mwenzio naye ana makalio." Mtu akasogea. Mpaka leo sijui alisogea kwenda wapi, maana tulikuwa tumebanana kama vidole ndani ya kiatu, lakini aliyesimama alikaa. Na kama kuna aliyenung'unika, baba alimkata kalima: "Gari halijazwi na watu, linajazwa na roho mbaya."

Mama aliipanda gia. Yaani fimbo ya gia ilichomoza kwenye magoti yake, na baba alipotaka kuivuta nyuma, mama alilisogeza goti kabla hajaambiwa. Hawakutazamana wala kusemezana, goti lilikuwa linajua. Tukifika kona ya sokoni baba alisimama kwa bibi Kanisia, muuza pepeta, na mama aliifunga pepeta ya moto kwenye pindo la kanga. Safari nzima tulitafuna mpunga mchanga uliokaangwa na kutwangwa, midomo ikinukia moshi. Nimekula hoteli nyingi tangu hapo, na sijaona chakula cha kukifikia kile.

Baba alipofariki, landrova ilibaki uani. Kuku wakalitwaa benchi, wakawa wanatagia pale alipokuwa akikaa shangazi. Mimi nilikuwa Dar es Salaam nimeshapata ofisi, kiyoyozi na kitambi. Mwaka huu nikasema nitaifufua. Nilimpigia mama simu, akasema, "Basi nitapanda tena na wifi yangu, twende Lumemo tukamsalimie baba yako." Baba amezikwa Lumemo, na misa yake ya kumbukumbu ilikuwa inakaribia. Nikamwahidi siku hiyo atapanda. Kazi akapewa fundi Shabani wa mjini, injini ikaanza kukohoa, bodi ikanyooshwa, rangi ya kijani ikarudi. Kikabaki kiti.

Hapo ndipo nilipojifanya mjuzi. Nilizunguka maduka ya vipuri vya mitumba Dar nikikalia kiti baada ya kiti kama mtu anayejaribu viatu. Nilipima reli za chini zisije zikakataa kukaa kwenye sakafu ya landrova. Nilipima kimo, kichwa kisigonge paa. Nilihangaika na rangi isije ikagombana na kijani. Nikachagua viti viwili vya ngozi, rangi ya maziwa, vilivyotolewa kwenye gari la kifahari, na katikati yake kisanduku cha kuegemeza mkono chenye tundu la kuwekea kikombe. Makalio niliyoyapima ni yangu tu.

"Dada, hii sasa ya kishua!" alisema fundi Shabani alipovifunga. "Na huu ubao nifanyeje?"

"Toa tu, mpe yeyote."

Mabenchi ya nyuma nayo niliyatoa, nikatandika zulia na kufunga spika mbili. Nikapiga picha, nikazituma kwenye kundi letu la tuliosoma pamoja. Wakanimwagia sifa, nikazisoma mara kadhaa. Mama aliniuliza kwa simu, "Benchi ni refu vilevile?" Nikacheka, nikamwambia, "Mama, we subiri uone." Nilitaka kumshangaza.

Asubuhi ya misa niliegesha mlangoni nikapiga honi. Walitoka wawili, mama na shangazi Magreta, wameshikana mikono, kila mmoja akimzuia mwenzake asianguke. Walikuwa wameshona vitenge sare. Na mama alikuwa amebana kwapani kiroba kilichovimba.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu."

"Umebeba nini mama?"

"Sufi. Nilijua mafundi wa siku hizi watakujazia sponji. Nimeichambua mwenyewe, wifi kanisaidia, na macho yetu haya. Tukirudi tutashona mto."

Nilijua hapohapo. Nilitamani waugue ghafla, au niugue mimi, ili mlango ule usifunguliwe. Lakini mama alikuwa ameshaushika, na mlango ukafunguka kwa ulaini nilioulipia. Akatazama ndani. Akatazama nyuma, akaona zulia na spika. Akarudi mbele.

"Mwingine anakaa wapi, Skola?"

Nikajibu upumbavu. Nikamwambia, "Wewe mama ukae hapa mbele kama malkia. Shangazi tunamwitia bajaji."

Shangazi akasema haraka, "Nendeni tu wanangu, mimi sina neno." Akaanza kuutoa mkono wake kwenye mkono wa mama. Mama hakuuachia. Kwa mkono ule mwingine alikigusa kile kisanduku cha katikati, akaingiza kidole kwenye tundu la kikombe.

"Hapa nilikuwa nakaa mimi," alisema. Hakulalamika. Alisema kama mtu anayemwonyesha mgeni nyumba. Kisha akaufunga mlango polepole asije akaukwaruza. "Kizuri, mwanangu. Kizuri sana. Wewe tangulia."

Bajaji iliyokuja tayari ilikuwa na mama mmoja na beseni lake la ndizi. Nilimwona mama yangu akiinama, na nilimsikia, kwa sababu kioo nilikuwa nimekishusha: "Sogea kidogo mama, mwenzio naye ana makalio." Wote watatu wakacheka. Beseni likapakatwa, kiroba cha sufi kikapakatwa juu ya beseni, bajaji ikaondoka ikiinamia upande mmoja. Mimi nikafuata nyuma yao hadi kanisani, na kutoka kanisani hadi Lumemo, na kiti cheupe kitupu pembeni yangu. Walionijua walisimama kandokando ya barabara wakapunga mkono, wakifurahi kuiona landrova ya mzee. Wawili walijongea kabisa, mguu mmoja mbele, kama watu wanaosubiri kusogezewa. Wakachungulia ndani, wakaurudisha mguu.

Ipo aibu ya kuteleza sokoni, mtu unacheka, unajipangusa, unaendelea. Hii haikuwa ile. Makaburini waliniuliza, "Mbona mama yako hajapanda?" Nikasema anapenda upepo. Nimesomeshwa kwa mpunga uliobebwa na gari lile, na mbele ya kaburi la mwenye gari nilisema mama anapenda upepo! Mama alisikia, akatazama pembeni ili nisione kwamba amesikia, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Tangu siku hiyo nimemwomba apande mara nyingi. Hakatai, anasema, "Wewe tangulia." Nikaamua nilirudishe benchi. Nikaenda kwa fundi Shabani kuuliza ubao umeishia wapi, akaninyooshea kidole ng'ambo ya barabara, kwenye kijiwe cha bodaboda. Vijana wanne walikuwa wamelikalia, wale wale ninaowasema kila siku, suruali zimeteremka, visikio masikioni, kila mmoja na simu yake. Nikajiandaa kuwapa hela ya benchi jipya na hotuba kidogo juu ya mali za wazee.

"Shikamoo mama!" walinisalimia karibu kwa pamoja. Na kabla sijasema lolote, mmoja akampiga mwenzake kiwiko. "Oya, sogea bana, bi mkubwa akae."

Wakasogea. Nikakaa. Nikasikia nimezama kwenye kitu laini, nikauliza huu mto umetoka wapi.

"Si kuna bibi mmoja, dereva wa bajaji alimwambia benchi la mume wake liko huku. Alikuja na bibi mwenzake na kiroba cha sufi, wakatushonea palepale. Hawajataka hata mia. Wametuambia tu tusiwe tunamwacha mtu amesimama."

Sikuliomba tena benchi, ningeliombaje? Nilikaa pale nimebanwa na mabega ya vijana wanaonuka petroli na jua, nikayakumbuka yale yaliyonibana utotoni. Siku zote nilisema enzi zetu zimekwisha kwa sababu watoto hawa hawajui kusogea. Kumbe neno la mama walikuwa nalo wao, na mimi, niliyelelewa nalo, ndiye niliyelipiga msumari na kuweka kikombe juu yake. Enzi zile watu kumi walitoshea kwenye ubao mmoja. Leo nina viti viwili vya ngozi na sijapata wa kukaa nami.

Niliwaaga, nikavuka hadi kona ya sokoni. Bibi Kanisia bado yupo, amesinyaa amekuwa mdogo kama mtoto, na pepeta yake bado inanukia moshi. Alinipimia, nikageuka kuondoka, akaniita akicheka kwa ufizi mtupu.

"We Skola! Naona leo umepanda gari la Mzee Dionis."

Nikapeleka mkono nyuma ya gauni, nikakuta sufi.

"Ndiyo, bibi," nikamwitikia, na nikazungukia njia ya nyuma ya soko, asije akaniona nikifungua mlango wa lile lingine, la viti viwili.