Pipa la Sangara

Nikikumbuka mtambo ule, pua ndiyo inayotangulia. Kabla sijakumbuka waya wala mita, nasikia harufu ya mafuta ya sangara yanayochemka.

Mwenye shida alikuwa mama mmoja wa soko la Mwaloni, muuza dagaa na mafuta ya sangara, jirani wa karakana yangu hapa Kirumba. Alinunua guta la umeme la kubebea magunia, lakini kila likifika katikati ya mlima linazima. Aliyemuuzia akadai mama anazidisha mzigo, kwa hiyo betri habadilishi. Wateja wa sokoni walishaanza kumkimbia mama.

"Fundi, mimi nasema betri, yeye anasema magunia. Nani atatuamua?"

"Tutaliuliza guta lenyewe, mama."

Si jambo gumu kama linavyosikika. Nililiinua guta kwenye stendi, gurudumu la nyuma likaning'inia. Nikaliunganisha kwa mkanda na dinamo kubwa, na umeme wa dinamo nikaupeleka kwenye koili za hita zilizozama ndani ya pipa la maji. Kuchemsha maji ni kazi nzito. Kwa mota ni sawa na kupanda mlima, ila hapa inapanda imesimama. Nikafunga mita za volti na ampia, na vipimajoto kwenye mota na betri. Mota ikiwa mbovu, itakula umeme mwingi na kupata moto. Betri ikiwa mbovu, volti zitaporomoka. Basi, ni hayo tu.

Pipa alilileta mama. "Nimelisugua, fundi, usihofu."

Lilikuwa limebeba matumbo ya sangara miaka na miaka. Maji yalipopata moto, utando wa njano ukapanda juu, ukatoa mapovu na vipande vyeusi nisivyotaka kuvijua. Nikatapika nyuma ya banda.

Mama akacheka mpaka akashika kiuno. "Mwanaume mzima! Haya ndiyo marashi yangu, yamesomesha watoto."

Muuzaji wa guta alikuja na leso puani. "Fundi, hiki ni kipimo au supu?"

"Karibu, kaka. Wewe angalia mita hii."

Mota ilikula umeme wa kawaida, na joto lake halikuzidi. Volti za betri zikashuka kidogo, halafu zikaanguka ghafla, gurudumu likasimama. Nikafunga betri mpya ya dukani kwake, niliyomwomba aje nayo. Kwa mzigo uleule, gurudumu lilizunguka mpaka maji yakatokota. Ndipo nikafungua ile ya mama. Seli zilikuwa zimevimba, nyingine zinavuja uchafu wa kunata. Ganda jipya lilikuwa limevishwa juu ya kutu, betri kuukuu ikauzwa kama mpya.

Nilitegemea muuzaji ashtuke. Hakushtuka.

"Haya, abaki na hiyo mpya," alisema. Kisha, kama mtu anayeagiza chai, "Hiyo ya zamani ifunike vizuri, fundi. Kuna mteja wangu kule kisiwani Nansio anaisubiri."

Harufu ya pipa nilikuwa nimeanza kuizoea. Kichefuchefu hiki kilikuwa kingine, na hakikuwa cha kwenda kutapika nyuma ya banda.

Mama alichukua ndoo, akachota pipani. "Fundi, hii betri bado ina umeme?"

"Imekwisha, mama, lakini simama mbali."

Akaimwagia ndoo nzima, utando wa njano na vipande vyeusi vikazama katikati ya seli.

"Mpelekee sasa huyo wa Nansio," akamwambia muuzaji. "Mwambie ina mchuzi pia."