Njia ya Washami Ilipita Dengfeng

Juzi nilirudi Guangzhou kununua mzigo, na katika jengo moja la Dengfeng nikakuta magauni mawili na sufuria vimeachwa nje ya mlango uliofungwa. Kuna mtu alikuwa amerudi kwao, na ndege haikukubali kilo zake zote. Wenzangu walipita. Mimi nilisimama, rafiki yangu, nikawa na miaka tisa tena.

Miaka ya tisini ilikuwa inaishia. Mimi na Mama tulipanga chumba kimoja mtaa huohuo, naye alinunua suruali soko la Zhanqian na kuzipeleka Nairobi. Kila Jumapili Wakenya wanne watano walikuja kwetu kusoma Biblia, chai ya maziwa ikichemka, mlango umefungwa na sauti ziko chini, maana Mama alimshuku kila aliyepita koridoni. Tabia hiyo niliirithi. Nilimshuku hata mwenye duka aliyenipa peremende bure.

Aliyetufundisha alikuwa mama mmoja mnunuzi wa vifungo na zipu, zamani mwalimu wa shule ya msingi. Siku moja alitusomea habari za jeshi la Washami lililoikimbia kambi yake. Mfalme wa Israeli hakuamini. Alisema ni mtego, wamejificha makondeni. Akatuma wapelelezi, nao wakawafuata hadi Yordani, wakakuta njia nzima imejaa nguo na vyombo vilivyotupwa kwa haraka.

"Anayetega mtego hatupi nguo zake," mwalimu alisema. "Hapo ndipo walipojua wamekimbia kweli."

Nilimpenda sana yule mfalme, lakini mstari wenyewe niliutilia shaka. Nani atupe nguo nzuri barabarani? Zhanqian hata kifungo kikianguka kinaokotwa.

Kisha suruali zetu zikafika Nairobi mguu mmoja mfupi kuliko mwingine. Mama alikwenda kiwandani mara tatu kudai nyingine, na kila mara alirudi akimwiga laoban, yule bosi: "Meiyo, meiyo! Hakuna, hakuna!" Wiki iliyofuata akaniambia tunaenda nyumbani likizo. Likizo gani hiyo isiyo na siku ya kurudi? Nikajifanya mpelelezi.

Ilianza sufuria yetu kubwa. Mama aliipeleka kwa jirani, mwanamke wa Zanzibar aliyemzidi umri.

"Dada, niwekee. Nikirudi nitaichukua."

"Haya mdogo wangu. Inshallah utaikuta hapa hapa."

Hatujamaliza kufunga mabegi, harufu ya pilau ikatujia kutoka kwake, na mfuniko uliokuwa ukigongagonga ulikuwa wetu. Niliujua mlio wake.

Chini ya ngazi tukapima mabegi kwa mizani ya kuning'iniza. Yamezidi. Mama akachomoa koti, akalitundika kwenye reli. Tukapima tena, akaacha viatu vya kanisani. Uwanja wa ndege, mbele ya foleni nzima, akatoa gauni lake la kitenge cha bluu, akalikunja vizuri na kuliweka juu ya kiti.

Hapo nikauelewa ule mstari, na nikakasirika kwamba nilidanganywa.

"Mama, sisi ndio Washami, sivyo?"

Hakunitazama. "Sisi tunaenda likizo. Funga zipu ya begi lako."

Hatukurudi. Jengo letu sasa ni hoteli, yule jirani sijui aliko, na wale waliokuja kunywa chai Jumapili wametawanyika. Miaka yote hii nimejisifu kwamba mimi sikudanganyika. Juzi tu, nikiyatazama yale magauni ya mtu mzima pale koridoni, ndipo nilipojiuliza swali ambalo mwalimu hakutuuliza: zile nguo za njiani zilikuwa za nani?

Tulipofungua mabegi Nairobi, vyangu vyote vilikuwemo: sweta, koti la mvua, hata viatu vilivyokuwa vimeanza kunibana. Jumapili Mama alikwenda kanisani amevaa gauni la nyanya yangu, linampwaya mabegani. Na mimi, mpelelezi hodari, nikamcheka njia nzima.