Kadi za Redio kwenye Ukuta wa Shefu

Mnisamehe mwandiko. Niliishia mwaka wa sita wa shule ya msingi, na hata huko mwalimu alisema herufi zangu zinatembea kama kuku aliyevunjika mguu. Naandika polepole, ukurasa mmoja unanila jioni nzima, na maneno mengine nayaandika jinsi ninavyoyasikia. Mkikuta kosa, lirukeni. Naomba radhi hivi kwa mazoea. Niliomba hivi hivi katika barua zangu saba za kwanza, na sasa nitawaeleza barua hizo zilifika wapi.

Tulikimbia kutoka Kinama, mtaa wetu wa Bujumbura, wakati vita vilipokuwa vinauacha mtupu. Baba alikuwa ameshakufa. Mama alibeba sufuria na godoro, mimi nikabeba redio ya baba, ile kubwa yenye koti la ngozi. Tulipofika kwenye barabara ya lami mama aligeuka akaona nilichokumbatia.

"Mutoto we, redio inakuliwa? Si ungebeba hata unga?"

Niliikumbatia redio zaidi, nikaendelea kutembea.

Tulipata chumba Mutanga Nord, nyuma ya nyumba ya bwana mmoja anayefanya kazi ofisi ya serikali. Mtaa mzima ulimwita Shefu, nasi tukamwita hivyo. Hakutulipisha chumba. Mama alimpikia na kumfulia, na akipata nafasi alishuka Kajaga, ufukweni mwa ziwa, kununua ndagala, wale samaki wadogo, akawaanika uani na kuwauza. Kila kitu chetu kilinuka ndagala: shuka, daftari, redio. Shefu alipokuja chumbani kusikiliza mpira aliziba pua kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia alichota ndagala kwenye ungo wa mama bila kuomba. Vichwa alivitema sakafuni. Kisha kwa vidole vile vile vilivyolowa mate alizungusha kitufe cha redio ya baba. Akiondoka nilichukua kitambaa nikaisugua redio mpaka mama akaniuliza kama nataka kuitoboa.

Sasa niwaambie kuhusu usiku. Amri ya kutotoka nje ilikuwa inaanza mapema, na baada ya hapo hakuna cha kufanya ila kulala au kuhesabu milio ya bunduki kutoka milimani. Mimi nilikuwa nazungusha redio kwenye masafa ya kati. Mchana masafa yale yana kituo cha mjini tu na makelele kama ya mafuta yanayokaangwa. Jua likizama, vituo vya mbali vinaanza kutoka kimoja kimoja, kama mende. Nilisikia Zambia. Nilisikia Msumbiji, wanaume wanaongea Kireno kama wamekasirika. Usiku mmoja nilisikia Waarabu wakiimba, sijui wa nchi gani. Sauti inakuja karibu mpaka unadhani mtu yuko chini ya kitanda, halafu inaondoka, halafu inarudi.

Nilijifunza peke yangu. Ukiigeuza redio yenyewe, mwili wake wote, kituo kimoja kinazama na kingine kilichokuwa chini yake kinapanda. Nilikuwa naigeuza polepole kwenye kigoda kama mtu anayegeuza mkate usiungue. Nilitoa uzi wa shaba kwenye mota iliyoungua, nikaupitisha dirishani mpaka kwenye mparachichi. Mama aliuanikia nguo. Mawe ya redio, ndivyo tunavyoita betri, yakichoka niliyaweka juani siku nzima, nayo yakanipa saa moja nyingine. Wakati huo wa ambargo, nchi jirani zilipotufungia biashara, mawe mapya yalikuwa hayashikiki kwa bei.

Kuna jambo hapa ambalo linanitia kinyaa, nalo ni langu mwenyewe. Umeme ukikatika mji mzima, redio inasikia vizuri zaidi, kwa sababu taa na friji za watu hazipigi tena kelele ndani yake. Basi usiku nguzo za umeme zilipoangushwa milimani, watu wakalia gizani, mimi nilifurahi. Nilitabasamu chini ya blanketi. Nilijua nguzo haianguki yenyewe, nilijua pengine walinzi wake walikufa pale, na bado nilitabasamu kwa sababu Zambia ilikuwa safi.

Usiku wa namna hiyo nilipata kituo kimoja cha pwani ya Tanzania, kule mwisho kabisa ambako nchi inagusa bahari. Mtangazaji alisema kwa Kiswahili kizuri kwamba anayewasikia kutoka mbali awaandikie. Aeleze siku, saa, na alichosikia, ili wajue hadanganyi, nao watamtumia kadi ya kuthibitisha kwamba kweli aliwasikia.

Nilikaa kitandani ghafla. Mtu kule angeandika kwa mkono wake kwamba mimi, hapa, chini ya blanketi linalonuka samaki, nimesikia kweli. Nilitaka kadi ile kuliko chakula. Sijawahi kutaka kitu namna ile tena.

Shida ilikuwa mkono wangu. Nikimaliza kuandika mstari wa kwanza, kituo kimeshazama. Nikaanza kuchora. Tangazo la sabuni, nachora kipande cha sabuni. Mtangazaji akikohoa, nachora mdomo na vitone. Usiku ule walipiga wimbo wa ngoma tupu, nikachora ngoma ndogo yenye miguu mitatu. Asubuhi nilinakili yote kwenye barua, pamoja na michoro, na juu kabisa nikaomba radhi kwa mwandiko.

Sisi hatukuwa na sanduku la posta. Bujumbura watu wengi hawana. Unaomba sanduku la mwenye nalo, la ofisini, la parokia, la tajiri wa mtaa, na barua yako inakuja chini ya jina lake. Nilisimama mlangoni kwa Shefu karibu nusu saa kabla ya kubisha.

"Bwate yangu ya posta?" alisema. "Tumia, mutoto. Bwate ni kubwa. Unaandikia nani, muchumba yako?"

"Redio."

Alicheka mpaka akashika mlango. "Redio! Na redio inajua kusoma?"

Mama naye aliniuliza swali lile lile, lakini alinipa pesa ya stampu.

Barua ya kwanza ilikwenda. Nikangoja miezi miwili, nikatuma ya pili, kwa Zambia, nikiwa nimeazima Kiingereza kwa mwanafunzi wa jirani. Kwa karibu miaka miwili nilituma saba. Kila Ijumaa Shefu aliporudi kutoka ofisini na barua ndani ya begi lake nilisimama karibu na geti nikijifanya nafagia.

"Shefu, hakuna kitu yangu?"

"Apana, mutoto." Siku nyingine aliongeza: "We, utaandikiwa na redio, na umeishia primeri? Watu wale wanapokea barua za madokta." Walinzi wa geti wakacheka, nami nikafagia mahali nilipokuwa nimeshafagia.

Nilimwamini. Hilo ndilo muelewe. Niliamini kwamba kule pwani mtu alifungua bahasha yangu, akaona kuku aliyevunjika mguu akitembea kwenye karatasi, akaitupa. Nilinunua daftari la watoto wa mwaka wa kwanza, lile lenye mistari miwili miwili, nikaanza upya kuandika *a*, *a*, *a*, nikiwa na ndevu zinaota. Mama alinikuta, akaangalia, akatoka.

Jumapili moja Shefu alikuwa na wageni. Mmoja ni mwenzake wa ofisini. Mwingine alikuwa mama mmoja wa Uvira, ng'ambo ya mpaka, muuza vitenge, mwenye ulimi ambao hata polisi wa barrière, wale wa vizuizi vya barabarani, waliuogopa. Mama alikuwa jikoni na mikono yote imejaa, akaniambia nipeleke sahani ya mishikaki sebuleni. Sikuwahi kuingia sebule ile. Nilivua kandambili mlangoni, nikaingia nikiangalia miguu yangu, nikaweka sahani, nikainua macho.

Kando ya picha ya harusi ya Shefu kulikuwa na fremu yenye kioo. Ndani yake kulikuwa na kadi nne. Moja ilikuwa na picha ya mnara wa redio na minazi. Moja ilikuwa na tai, yule ndege wa bendera ya Zambia. Juu ya kila kadi, mahali pa jina, palibandikwa karatasi nyeupe iliyopigwa mashine, jina la Shefu. Na kwenye kadi ya minazi, pembeni, mtu alikuwa amechora kwa kalamu ya bluu ngoma ndogo yenye miguu mitatu.

Nilijifanya napanga mishikaki ili nisiondoke.

"Na hizi, Shefu?" yule mama wa Uvira aliuliza.

"Hizo ni za redio za Afrika nzima, mama. Watu mukilala, mi niko nasikiliza dunia. Wananijua kule."

"Ehee! Basi tushikie Zambia hapa, na mi nisikie bei ya vitenge."

"Rahisi tu. We mutoto! Leta ile redio."

Nilikwenda nikaileta. Redio ya baba. Shefu aliiweka mapajani, akazungusha kitufe kutoka mwisho mmoja mpaka mwingine. Ilikuwa saa tisa mchana. Kituo cha mjini, makelele ya mafuta, basi. Akarudi. Akaipiga kofi mgongoni kama mtoto aliyepaliwa.

"Mutoto huyu ameiharibu. Inanuka samaki mpaka ndani."

Wakacheka. Sijui nani alifungua mdomo wangu. "Mchana haishiki, Shefu," nilisema. "Jua likiwaka vituo vya mbali vinapotea. Mpaka giza liingie."

Yule mama aliniangalia mimi, akaangalia fremu, akamwangalia Shefu.

"Yooo! Bwana wa kusikiliza dunia hajui kama dunia inalala mchana?"

Mwenzake wa ofisini alicheka ndani ya chupa ya bia mpaka ikamtoka puani. Shefu alicheka kuliko wote. Akafuta mafuta ya mishikaki kwenye koti la ngozi la redio, upande wa kulia kisha wa kushoto, akanirudishia.

Jioni nilikwenda kwake. Mama alinifuata akisema chini chini, "Acha. Tuko kwake. Tutalala wapi?" Sikuacha, na mpaka leo sijui kama nilifanya vizuri.

"Shefu, naomba kadi zangu."

Alikuwa anachokoa meno. Hakukasirika hata kidogo, na hilo ndilo lililonichefua zaidi. "Zako? Zilikuja katika bwate ya nani? Parachichi likianguka katika uwanja yangu ni la nani?"

"Ni mimi niliandika."

"Uliandika, ndiyo. Na mi nilipokea." Alitoa kijiti mdomoni, akakiangalia kilichotoka nacho, akakirudisha. Kisha akamwona mama nyuma yangu, mikono kwenye kitenge, na moyo wake ukawa mkubwa. "Haya, usilie. Chagua moja."

Nilichagua ya minazi. Aliifungua fremu, akanipa, akangoja. Mama alinigusa mgongoni.

"Asante, Shefu," nilisema.

Nimekumbuka mengi ya miaka ile: milio, maiti niliyoiona mferejini siku moja asubuhi, harufu. Lakini kinachonifanya niteme mate chini mpaka leo ni ile asante. Niliisema kwa sauti nzuri, na nikainamisha kichwa kidogo.

Chumbani niliishika kadi juu ya mvuke wa sufuria ili ile karatasi nyeupe ibanduke. Ilibanduka na jina langu likatoka nayo. Nyuma kulikuwa na maneno ya mkono, ya bluu, yameandikwa na mtu nisiyemjua: kwamba barua yangu wameisoma yote bila shida, kwamba ofisi nzima imeifurahia ngoma, na kwamba niwaandikie tena upesi, wanangoja. Tarehe yake ilikuwa ya mwaka na nusu nyuma.

Nilimsomea mama. Alisikiliza huku akichambua ndagala. Nilipomaliza alisema, "Kwa hiyo mwandiko haukuwa na kosa."

"Haukuwa."

"Na mutu yule alingoja bure."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Mtu mmoja kule pwani alichora ngoma, akanunua stampu, na pengine alikwenda kuangalia sanduku lake kama mimi nilivyokuwa nafagia getini. Nikamwandikia. Bahasha ilirudi baada ya miezi mitano, imepigwa muhuri kwamba mhusika hayupo tena.

Tulihama kwa Shefu mwaka uliofuata. Kitu cha kwanza nilichofanya nilipopata kazi ya kupakia magunia sokoni ni kukodi sanduku la posta, dogo kabisa, safu ya chini, ambalo lazima upige magoti kulifungua. Wenzangu walinicheka: mpakia magunia na sanduku la posta, utaandikiwa na nani? Swali lao ni la haki. Mpaka sasa limeingiza barua mbili, na zote ni za posta kunikumbusha kodi.

Ndiyo maana naandika hii. Anwani nimeiandika nyuma ya bahasha, na ufunguo wa sanduku hilo uko shingoni mwangu kwenye uzi wa shaba. Niandikieni. Si lazima iwe ndefu. Semeni mlisoma siku gani, saa ngapi, mkiwa wapi, na ni mahali gani palisikika vizuri na ni wapi mwandiko wangu ulizama msiweze kusoma. Mwandiko wenu uwe wowote. Nitajibu polepole, lakini nitajibu kila mmoja.