Sekunde Kumi na Moja za Buluu

Watu wa studio walimwita Bi Buluu, naye aliitika. Jina lilitokana na kosa, na kwa miaka arobaini kila aliyekutana naye alimtupia utani uleule: "Bi Buluu, leo sketi ya rangi gani?" Alicheka nao. Kucheka kulimsaidia asiulizwe zaidi.

Enzi hizo alikuwa mpaka rangi kwenye filamu ya katuni iliyotokana na vibonzo vya gazetini, vya msichana mpiga filimbi. Wachoraji walichora mistari juu ya karatasi za plastiki zinazopitisha mwanga. Yeye na wenzake walizigeuza na kuzipaka rangi kwa nyuma, moja baada ya nyingine, mpaka vidole vinakufa ganzi. Sketi ya msichana ilikuwa ya njano. Chupa ilibandikwa namba, namba iliandikwa ukutani kwa maandishi makubwa; hata anayesinzia asingekosea.

Wiki aliyorudi kazini kutoka msibani, alipewa rundo la msichana akikimbia kushuka ngazi. Aliyekuwa amemzika ni bintiye wa miaka minne, homa ya siku tatu tu. Hawakuwa na picha yake hata moja. Walipanga kumpiga picha atakapoanza shule. Gauni alilolipenda kuliko yote lilikuwa la buluu, na mama mtu alikaa mbele ya rundo lile haoni kingine ila gauni hilo. Akafungua chupa ya buluu. Alijua anachofanya. Karatasi mia moja na ushee, sekunde kumi na moja za filamu, alizipaka hivyo, akijifuta macho kwa mkono wa blauzi ili chozi lisidondokee rangi.

Ilipogundulika, picha zote za ngazi zilikuwa zimeshapigwa kwenye filamu, na kurudia hakukuwezekana. Mkubwa wa studio alimfokea mbele za watu.

"Nisamehe, mzee," alisema. "Nilichanganya chupa."

Uongo huo akaushika. Nyumbani nako mumewe hakuweza kusikia mtoto akitajwa, kwa hiyo hakutajwa, mpaka naye akafariki. Mtoto wa kiume waliyempata baadaye alikua akijua ndiye wa kwanza na wa pekee. Simlaumu mtu, lakini jamani, kimya cha namna hiyo kinakula watu.

Mwaka huu ikatangazwa kwamba filamu itatoka kwenye diski, imesafishwa vizuri, watu waitazame majumbani. Bi Buluu akaitwa studio, maana wapaka rangi wenzake wote wameshatangulia. Fundi wa picha, bwana mmoja wa miwani na adabu zake, alimkalisha mbele ya kioo cha kompyuta.

"Mama, hapa kwenye ngazi nimekungoja uone mwenyewe. Wamekucheka miaka yote hii, leo tunalifuta kosa lile."

Akabonyeza. Sketi ikawa ya njano. Bi Buluu alihisi anamzika mwanawe mara ya pili.

"Rudisha," alisema.

"Mama?"

"Irudishe ilivyokuwa, baba. Niachie."

"Wakubwa wataniuliza sababu. Na watu watakucheka tena."

"Wacheke. Waambie aliyepaka amekataa."

Fundi alimtazama, akaona machozi, akanywea. Aliirudisha buluu wala hakuuliza tena, na kwa hilo Mungu ambariki.

Diski ilipotoka, mwanawe alimletea Jumapili mchana, wakakaa kochini kutazama. Ndani ya kasha mlikuwa na kijikaratasi, akakisoma kwa sauti: "Kosa maarufu la sketi limeachwa kwa ombi la aliyepaka rangi." Akacheka.

"Mama na wewe! Watu wanakuondolea aibu, wewe unaing'ang'ania?"

Kwenye televisheni msichana alikuwa anashuka ngazi. Bi Buluu alipiga moyo konde.

"Siyo kosa, mwanangu. Hilo ni gauni la dada yako."

"Dada yangu yupi?"

"Aliyekutangulia kuzaliwa. Alifariki ana miaka minne. Sina picha yake, nina hii tu."

Mwanawe, baba mzima wa watoto wawili, aligeukia televisheni. Msichana alishafika chini, sketi imesharudi njano. Mwanawe akaitafuta rimoti, akarudisha nyuma mpaka juu ya ngazi, akaisimamisha picha hapo. Kisha akasogea karibu na mama yake.

"Alikuwa anaitwa nani?"

Kwa mara ya kwanza tangu siku ya maziko, mama akalitamka jina la bintiye.