Kivuli Kwenye Jino la Mama

Kazi yangu ni kupiga picha za meno, na sioni aibu kusema kwamba ninaijua. Nilifundishwa na daktari mwenye kliniki tunayofanyia kazi hapa Sakina, mwanamke mwenye mkono mtulivu kuliko wote niliowahi kuwaona. Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba ukiinamisha mashine vibaya kidogo tu, mzizi unatoka mrefu kama karoti; kwamba mgonjwa akitikisika, picha inakuwa ukungu; kwamba sensa, si ile ya kuhesabu watu bali kile kidude kinachowekwa mdomoni, isipokaa sawa basi ncha ya mzizi inabaki nje. Zaidi ya yote alinionya kuhusu kitufe cha kunolea picha kwenye kompyuta.

"Ukinoa sana," alisema, "pembeni ya jino lililozibwa unatokea mstari mweusi. Utadhani limeoza, kumbe wala. Usinichezee hicho kitufe."

Sikukichezea hata siku moja.

Mama alishuka kutoka kwetu Meru Jumanne moja, fizi ya kulia imemvimba. Upande ule ndio pekee aliobaki nao wa kutafunia, na gego lake kubwa lilikuwa limezibwa zamani kwa madini. Daktari alimwamkia shikamoo, mama akaitikia, halafu akatoa ombi lake.

"Mwanangu, fizi itibu utakavyo, ila hilo gego usiling'oe. Nikilikosa, mahindi ya kuchoma ndiyo basi tena."

Nilimpiga picha moja tu, ikatoka safi, mzizi wote ndani. Nikamwachia daktari aisome, maana kusoma ni kazi yake, nikaenda kuhudumia wagonjwa wawili chumba cha pili.

Niliporudi, mama alikuwa anang'ata pamba. Gego lilikuwa kwenye kisahani, limepasuka lilipong'olewa, na chini ya kile kizibo lilikuwa jeupe, zima kabisa. Nikaangalia kompyuta. Picha yangu ilikuwepo, na kando yake nakala iliyonolewa mpaka mwisho, na kukizunguka kizibo, mstari mweusi ule ule niliofundishwa kuuogopa.

Nilimgeukia daktari. Hakunipa nafasi ya kufungua mdomo.

"Dada, picha yako haikuwa nzuri leo," alisema, mbele ya muuguzi. "Imenipotosha."

Kukosea ningemsamehe, nasema kweli. Foleni ilikuwa ndefu, alikuwa na haraka, na hakuna daktari asiyekosea. Lakini kunigeuzia kibao, tena kwa somo alilonifundisha mwenyewe! Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami miaka yote nilidhani wanasema habari za watu wengine. Mama alikuwa kwenye kiti na damu mdomoni, sikutaka asikilize ugomvi. Nilizipiga zile picha mbili kwa simu yangu, nikaenda kuchukua mkoba wangu, kisha nikamchukua mama nikaenda naye kwangu.

Nilimpikia uji mwepesi, nikausubiri upoe. Alipomaliza nusu kikombe nikakaa karibu yake, nikamwekea simu mapajani.

"Mama, tazama hapa. Hii ndiyo niliyopiga mimi. Hii nyingine imechezewa. Huo weusi haukuwepo."

Alitazama ya kwanza, akatazama ya pili, kwa adabu, jinsi anavyotazama picha za harusi za watu asiowajua.

"Mimi hizi ninazijulia wapi?" alisema, ulimi bado mzito kwa ganzi. Akanirudishia simu, kisha akanishika mkono. "Dokta ameshanieleza ulipokwenda kuchukua mkoba. Ameniomba hata nisikugombeze, kasema kila mtu hukosea kazini. Basi usilie, mwanangu. Mimi nimeshakusamehe."